Je, Kumstahi Mtoto ni Kumfundisha Kiburi?

Jumapili moja ya masika, ibada ilipokwisha na watu walipokuwa wakingoja mvua ipungue, mzee mmoja wa hapa Mtae aliniita kando. Nilipokwisha kumwamkia aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Alisema, "Mwalimu, ninyi watu wa shule mwatuambia tuwasifu watoto na kuwaonyesha kwamba wao ni watu wa thamani. Nasi tangu utoto wetu twafundishwa kanisani kunyenyekea, tusijikweze. Tumsikie nani?" Nikacheka kidogo, kama afanyavyo mtu asiye na jibu, nikamwambia nitafikiri.

Mzee yule si mpumbavu, wala swali lake si la kukejeli shule. Nimelichukua nyumbani, nimelala nalo, nimeamka nalo, na haya niandikayo ndiyo niliyoyapata.

Kwanza naona ya kuwa twachanganya mambo mawili kwa sababu yote mawili husimama wima. Mwenye kiburi husimama wima, na ajistahiye husimama wima, naye atazamaye kwa mbali hawezi kuwapambanua. Lakini ukikaribia waona tofauti. Mwenye kiburi hawezi kusimama pasipo mtu wa kumkanyaga. Siku zote anapima, nani yu juu, nani yu chini. Ajistahiye hana haja ya kipimo hicho. Ajua yu mtoto wa nani, ajua mikono yake yaweza kazi gani, na akikosa asema, "Nimekosa," wala haoni kwamba amekufa kwa kusema hivyo. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka kumi, na katika wale walionisumbua kwa majivuno, wengi walikuwa watoto wa kudharauliwa nyumbani, ambao walipofika shuleni walitafuta mdogo wao ili nao wapate wa kumdharau. Debe tupu ndilo livumalo.

Sisi Washambaa tuna habari ya kale inayohusu jambo hili, nayo ni habari ya Mbegha. Kila mtoto wa milima hii ameisikia kwa babu yake, na Abdallah bin Hemedi aliiandika katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, ambacho misioni ya UMCA ilikipiga chapa huko Magila zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Twapenda kuisimulia kwa ajili ya simba na mbwa na nyama. Mimi nataka tuitazame mwanzo wake.

Mbegha alizaliwa Nguu. Alipoota meno, yalitangulia ya juu, na mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego. Katika desturi za zamani za watu wa nchi hizi kigego alihesabiwa kuwa ni mkosi. Watu waliamini kwamba akiachwa akue ataumaliza ukoo wake, basi aliuawa angali mchanga. Mbegha hakuuawa, kwa kuwa wazazi wake walimlinda. Lakini walipokwisha kufa, jamaa zake walimnyima urithi, wakasema kwamba yeye ndiye alaye watu wao kwa uchawi, wakamtenga. Akashika mkuki wake, akawaita mbwa wake, akaenda zake. Alikaa Kilindi, akatoka huko pia kwa msiba, akapanda katika milima hii akiwinda nguruwe walioharibu mashamba ya watu. Nyama aliwagawia wenyeji, nao wakampa vyakula vya shamba. Katika safari ya Vuga akaua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao, wakamwita Simba Mwene. Ukoo wake ulitawala Shambaai hata wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki karibu na mwaka 1862, na baada yake pia, mpaka uchifu ulipoondolewa katika nchi yetu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sisemi kwamba kila neno la habari hii lilitukia kama lisimuliwavyo. Lakini wazee walioihifadhi walijua wanalolisema. Jino lile la juu halikusema neno lolote. Lilikuwa jino tu, la kutafunia. Watu ndio waliosema, kisha wakamwadhibu mtoto kwa maneno yao wenyewe.

Nilipomweleza haya jirani yangu mmoja, aliruka juu akasema, "Waona sasa! Alidharauliwa, akawa mfalme. Dharau humkomaza mtoto kama moshi ukaushavyo nyama." Neno hili nimelisikia kwa wazazi wengi, na wengine wao wawapenda sana watoto wao, kwa hiyo halifai kupitwa upesi.

Jibu langu la kwanza ni hili: Mbegha hakulelewa na dharau. Alilelewa na baba na mama waliosimama kati yake na ukoo mzima, nao walifanya hivyo siku ambazo kupinga desturi lilikuwa jambo la hatari. Dharau ilimkuta amekwisha kukua, ana mkuki mkononi, na moyoni ana neno la wazazi wake. La pili, watu waliomdharau hawakupata faida hata kidogo. Uwindaji wake, ukarimu wake na akili yake ya kuamua mashauri vilikwenda kwa wageni. Nguu ilimtupa, Vuga ikamwokota. Na la tatu ndilo linitialo uzito moyoni. Sisi twamjua kigego mmoja aliyekuwa mfalme. Je, wale wengine? Hatuna habari zao, maana hawakukua wakapata kusimuliwa. Mtu asemaye kwamba dharau hukomaza amehesabu yule mmoja aliyevuka mto, hakuwahesabu waliochukuliwa na maji.

Desturi ile ya meno imekwisha, namshukuru Mungu. Lakini msidhani kwamba vigego wamekwisha. Tangu mwaka 2007 hivi nchi yetu iliaibika mbele ya ulimwengu kwa mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Ziwa, na kisa chake ni kilekile, mwili wa mtoto umetiwa maneno ambayo hauyasemi. Na katika nyumba zetu tulivu, ambamo hakuna auaye mtu, yupo mtoto mwenye kigugumizi ambaye wageni wakija aambiwa akakae jikoni. Yupo aliyezaliwa mama yake akiwa bado kwao, naye huitwa kwa neno hilo kila sukari ikipungua koponi.

Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 35, chatuonyesha Raheli akifa kwa uchungu wa kuzaa njiani kwenda Efrata. Roho yake ilipokuwa ikitoka alimwita mtoto Benoni, ambalo ni jina la huzuni. Yakobo alikuwa katika msiba uleule. Mke aliyemtumikia miaka mingi amelala mbele yake amekufa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kumtazama mtoto yule na kuona kifo, ni yeye. Lakini alikataa jina lile, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Hakukataza kulia, naye aliweka nguzo juu ya kaburi. Alichokataa ni kwamba kilio chake kiwe jina la mtoto, alichukue maisha yake yote.

Nasi tuna majina ya namna hii, Tabu na Shida na Mashaka na mengineyo, na sitaki kumwaibisha yeyote aitwaye hivyo. Nawajua akina Shida walio msaada kwa kijiji kizima. Mtu mwema hulisafisha jina lake. Mimi naogopa zaidi lile jina la pili, ambalo halikuandikwa katika cheti cha ubatizo, ambalo mtoto hupewa jikoni jioni. Mzito. Mzigo. Huyu wa kwenda kuchunga tu.

Na katika maneno hayo yote lipo moja ambalo nimeliona likiharibu wavulana wengi kuliko fimbo, nalo ni hili, "Umefanana na baba yako." Mama ameachwa, mume ameteremka Mombo akaenda mjini, harudi wala haleti kitu. Mama analima peke yake, anabeba viazi peke yake, na mtoto akivunja kikombe neno hilo humtoka. Simlaumu sana, amechoka. Lakini hebu tumtazame mtoto. Uso wake hawezi kuubadili. Ameambiwa kwamba ubaya ule umo katika pua yake na katika mwendo wake, naye angali na miaka 9. Atafanya nini ila kungoja siku ya kuwa baba yake?

Katika jambo hili mimi si hakimu, ni mshitakiwa. Nilipoanza kazi, katika shule nyingine si ya hapa, niliweka benchi moja nyuma ya darasa kwa watoto walioshindwa hesabu. Watoto wengine wakalipa benchi lile jina la kejeli, nami nikasikia nikanyamaza, maana niliona linawatia bidii. Mwezi wa pili akaja bibi kizee mmoja kutoka bondeni, amepanda kilima kile kwa fimbo. Nikampa kiti. Akasema, "Mwalimu, sikuja kugombana. Mjukuu wangu amenihesabia mbuzi tangu ana miaka mitano, wala hajapoteza hata mmoja. Sasa amekataa. Asema yeye hajui hesabu, ameambiwa shuleni. Nimekuja kukuuliza, nani atanihesabia mbuzi wangu?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake niliondoa benchi, nikawaambia watoto kwamba nilikosa, si wao. Yule mvulana alitazama chini muda wote. Ningependa kuwaandikia kwamba baadaye aliwapita wote, lakini sivyo ilivyokuwa. Hesabu zake zilibaki za wastani mpaka alipomaliza darasa la saba. Mbuzi alirudi kuwahesabu, nami nilipata habari hiyo kwa bibi yake. Tangu siku ile kila niandikapo neno katika daftari la mtoto namkumbuka yule bibi na fimbo yake. Mtoto alikuwa na jambo moja alilojua kwa hakika juu ya nafsi yake, alilopewa na nyumba yao, nami kwa majuma machache nilikuwa nimemnyang'anya. Na kama bibi asingalipanda kilima kile, nisingalijua kamwe.

Basi nyumba ndiyo humpa mtoto ushahidi wa kwanza juu yake mwenyewe, na ulimwengu ukija kumshuhudia uongo, huo ndio wa kuushindania. Huko Marekani, kabla ya mwaka 1950, wataalamu wawili weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hata 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Waliwauliza ni yupi mzuri, na watoto wengi wakamwonyesha yule mweupe. Kisha wakaulizwa ni yupi afananaye nao, na wengine wakalia. Kazi ile ilitajwa katika hukumu ya mwaka 1954, mahakama kubwa ya nchi ile ilipokataza kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao. Watoto wale hawakufundishwa somo la kujidharau. Walilivuta kama hewa.

Watoto wetu huvuta hewa ya namna nyingine. Hapa Mtae mlima hukatika ghafula, na nyika ya Mkomazi hulala chini kama mkeka uliotandikwa, na milima ya Upare ng'ambo. Watu hutoka nchi za mbali wakalipa fedha ili wasimame hapa watazame. Lakini mtoto wa hapahapa akienda likizo kwa shangazi yake Tanga au Dar es Salaam, akiulizwa kwao, husema "Lushoto" kwa sauti ndogo, na Kishambaa chake hukificha kama nguo iliyochanika, asichekwe matamshi. Wahenga walisema, mkana kwao ni mtumwa. Naona hawakumtukana akanaye. Walikuwa wakieleza jambo linalompata. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walipofika Mlalo mwaka 1891 walikaa chini wakajifunza Kishambaa ili watuhubiri. Ikiwa Injili haikuona aibu kupita katika lugha ya bibi zetu, mbona sisi twamwambia mtoto, "Acha lugha hiyo, utaonekana wa porini"? Kiswahili atakipata, nami ni mwalimu wake na naahidi atakipata. Kishambaa asipokipata kwenu, mimi siwezi kumpa.

Kuna jambo la kukumbuka katika milima hii yetu. Mwaka 1896 huko Lutindi ilianzishwa nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa, mahali ambapo baadaye palikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Watoto wale walipata chakula, nguo na mafundisho. Lakini ni nani angaliweza kuwaambia, "Babu yako alilima ng'ambo ya mto ule, na bibi yako alikuwa na sauti kama yako"? Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yasema mtoto ana haki ya kuwa na jina, na ya kuwajua wazazi wake na jamaa zake. Mtoto wako anao wote hao karibu, pengine umbali wa kilima kimoja, naye hajui jina la baba wa babu yake, kwa kuwa hakuna aliyeona ni kazi kumwambia.

Sasa nirudi kwa yule mzee, maana yako mambo ambayo yeye ameyaona vyema kuliko baadhi yetu tuliosoma. Sifa za bure huharibu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walitangaza majaribio yao kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo, kisha wengine wakaambiwa, "Una akili sana," na wengine, "Umefanya bidii sana." Walipopewa mafumbo magumu wakashindwa, wale walioambiwa wana akili walivunjika moyo zaidi, na baadaye wakafanya vibaya kuliko mwanzo, tena baadhi yao, walipotakiwa kuandika alama zao, waliandika uongo. Wale waliosifiwa bidii waliendelea. Mzee wangu hakusoma habari hiyo, lakini aijua. Ukimwambia mtoto kwamba yeye ni bora, umempa kitu cha kulinda usiku na mchana, naye ataogopa kila jambo liwezalo kuonyesha kwamba si bora. Ukimwambia, "Tuta hili umelinyosha vizuri, mvua haitauchukua udongo," umempa kitu alichokifanya, na kesho aweza kukifanya tena. Wala usimsifu mmoja kwa kuwaaibisha wengine. Kanzu ya Yusufu ilishonwa kwa upendo, na sote twajua ilikovuliwa.

Kuonya lazima, sikatai. Lakini kuna kuonya tendo na kuna kumhukumu mtu, na mtoto wa miaka mitano aijua tofauti hiyo kuliko mwanasheria. "Umesema uongo" ni neno aliwezalo kulitubia. "Wewe ni mwongo" ni nyumba, naye ataingia akae humo.

Neno moja juu ya binti zetu, kisha nimalize. Wengi wao huteremka kwenda kufanya kazi katika nyumba za watu mjini wangali wadogo. Huko watakutana na mabwana na mabibi wa kila namna, na wengine watawaambia kwamba wao si kitu. Binti ambaye kwao alikuwa akila baada ya kaka zake, ambaye mahitaji yake ya shule ndiyo yaliyokatwa kwanza mahindi yalipokauka, akisikia neno lile hatashangaa. Ataona amesikia lugha ya nyumbani. Bali yule ambaye baba yake alimsikiliza alipokuwa akisema, hata kama walikuwa maskini kuliko wote, atashangaa. Na mtu ashangaaye huuliza njia ya kurudi kwao.

Juma lililopita nilimwendea yule mzee nikamweleza haya, si yote, maana alikuwa akichambua maharage na mwanga ulikuwa ukipungua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Lakini baba yangu mimi hakunisifu hata siku moja." Akaendelea kuchambua. Nami nilipokuwa nikiaga akainua kichwa akasema, "Ila siku moja, tulipokuwa shambani, alinipa jembe lake mwenyewe, akachukua langu dogo. Hakusema neno. Jembe lile nililala nalo."

Nikamwuliza alikuwa na umri gani. Akasema, "Miaka kumi, au pengine haijatimia."